Wifi Yangu Aliniacha Barabarani Guangzhou, Sasa Ukoo Mzima Unanicheka

Shangazi, shikamoo.

Mimi nauza nguo za watoto Kariakoo. Siku zote nilikuwa nanunua kwa wanaoleta, mwaka huu mume wangu akanishauri niende China mwenyewe, tena niongozane na dada yake ambaye ameshafika Guangzhou na anajiita mwenyeji. Tulifikia hoteli moja ya mtaa wa Xiaobei. Siku ya pili tulishinda soko la Baima, karibu na stesheni ya treni. Jioni nikamwambia tupande teksi, miguu imevimba. Akasema hapa na hotelini ni pua na mdomo, tutembee.

Tulitembea zaidi ya saa nzima. Ramani ya Google kwenye simu inaonyesha tuko ndani ya majengo wakati tuko barabarani. Nikisema tuulize watu, anasema yeye si mgeni. Tukatokea mahali penye kituo cha treni ya chini kimeandikwa Xicun, nikasema tupande, akasema treni itatupoteza zaidi. Simu yangu ikazima. Tukagombana pale pale watu wanatutazama. Mwisho akasema, "Nisubiri hapa hapa, naenda kuangalia njia." Ilikuwa kama saa mbili usiku. Nilisimama mpaka saa nne, hakurudi. Nilikuwa na kadi ya mlango wa chumba, nimeiweka kwenye sidiria pamoja na pesa. Nikamwonyesha mlinzi wa jengo moja, akanisimamishia teksi. Nafika chumbani, wifi ameshaoga, ameshakula, amejilaza. Eti alirudi hakunikuta.

Sasa hadithi hiyo ndiyo kichekesho cha ukoo. Kwenye kundi la WhatsApp la familia ananiigiza nilivyokuwa nalia. Mume wangu naye anacheka. Mzigo wetu wa pamoja bado uko baharini, na wifi ameshaanza kupanga safari ya Oktoba. Niende naye tena? Nimwambie mume wangu ukweli, au ninyamaze nilinde undugu?

Mke wa Kaka Mtu, Ilala

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeirudia mara mbili kwa sababu makosa yote umeyafunga robota moja, na wewe mwenyewe hujui lipi ndani yake linalokuuma. Tulifungue.

Kupotea kwenu namsamehe wifi yako moja kwa moja, na wewe umsamehe. Ile ramani ya Google mliyokuwa mkiifuata haiaminiki China. Serikali ya kule inalazimisha ramani zote zitumie mfumo wake wa vipimo, tofauti na ule wa dunia ambao simu hutumia kujua ulipo, kwa hiyo alama inayoonyesha ulipo na mchoro wa barabara hupishana, wakati mwingine kwa mita mia kadhaa. Ndiyo maana mlionekana mko ndani ya majengo. Mwenyeji au mgeni, kifaa kikishakudanganya umeshadanganywa.

Tena mlikuwa mnakwenda upande usio wenu. Ukisimama stesheni ya Guangzhou, Xiaobei iko mashariki na Xicun iko magharibi. Kila hatua mliyopiga ilikuwa inaiacha hoteli nyuma. Na hapa ndipo niliposhika kichwa: kutoka stesheni ile hadi Xiaobei, kwa treni ya chini ya laini namba 5, ni kituo kimoja. Kimoja, mwanangu! Nauli yuan 2. Hata pale Xicun mlipokuwa mnagombana, mlikuwa mmesimama juu ya laini hiyo hiyo, vituo viwili tu kutoka kitandani. Ulikuwa sahihi uliposema mpande. Wifi hakukataa kwa ubaya, alikataa kwa sababu treni haijui, na mtu aliyekwisha kujitangaza mwenyeji huona tabu sana kusema kuna kitu hakijui. Wako wengi wa namna hiyo, wengine tumeolewa nao.

Tuje kwenye kuachwa. Wewe unasema alikuacha, yeye anasema alirudi hakukukuta. Mimi naamini yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mtu aliyekwisha kupotea akienda "kuangalia njia", anapotea mara ya pili, safari hii peke yake. Inawezekana alizunguka akitafuta pale alipokuacha, na simu yake nayo ikielekea kuzima. Kosa hapo ni kwamba hamkupeana muda. Alisema nisubiri, hakusema mpaka lini, na wewe hukumwuliza. Ungemwambia, "Nasubiri nusu saa, ukinikosa tukutane hotelini," barua hii isingeandikwa. Ila kuondoka kwako saa nne nakuunga mkono kabisa. Mwanamke mgeni hasimami gizani hadi asubuhi kwa sababu ameambiwa hapa hapa. Na hiyo kadi kwenye sidiria, hongera. Bibi zetu walijua kwa nini wanaweka vitu pale.

Sasa linalonishinda kumtetea ni kuoga.

Tuseme alirudi, hakukukuta, akahangaika, akafika hotelini. Mke wa kaka yake hayupo. Hajui Kichina, hajui treni, simu imezima, ni usiku, na mji wenyewe una watu zaidi ya milioni 18. Angeshuka mapokezi akawaambia wapige 110, ambayo ni polisi. Angesimama mlangoni akiangalia kila teksi inayosimama. Angempigia kaka yake: saa nne ile ya usiku Guangzhou, Dar ilikuwa saa kumi na moja jioni, mumeo yuko macho na simu iko mkononi. Badala yake alioga, akala, akajilaza. Hapo ndipo penye deni. Njia mlipotea wote wawili, lakini hofu uliibeba peke yako, na aliyepaswa kuibeba nawe alikuwa amejifunika shuka.

Nitakuwa mwadilifu nimpe nafasi moja. Wapo watu ambao hofu ikiwazidi wanafanya vitu vya kawaida kabisa, wanaoga, wanapanga nguo, wanakula bila kusikia ladha, na huenda alikuwa amejilaza huku moyo unamdunda. Sikuwepo, simjui. Ndiyo sababu nataka umwulize yeye kabla hujamweleza mtu mwingine yeyote.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu ya mume wako. Ukianzia kwake, kesho dada mtu atasema umemchongea kwa kaka yake, mama mkwe ataitwa, na hadithi itahama kutoka kwa mtu aliyeachwa barabarani hadi kwa mke anayegombanisha ndugu. Unazijua nyumba zetu. Muite wifi mahali ambapo hakuna watoto wala majirani. Usianze na nani alikosea njia, atakushinda, maana kwenye njia ana utetezi. Mwambie: "Wifi, kupotea yameisha. Nataka kujua kitu kimoja. Ulipofika hotelini hukunikuta, ulifanya nini?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Akisema aliogopa, akalia, akajikausha kwa aibu, utamwona usoni. Akisema, "Si ulikuwa mtu mzima?" utajua pia, na utakuwa umepata jibu la Oktoba bila mimi.

Halafu mweleze kuhusu kicheko. Kwangu mimi, mwanangu, hiki ndicho kilichokufanya uandike. Kupotea kungekuwa hadithi yenu ya kuzeeka nayo, mngeichekea wote miaka na miaka. Yeye ameichukua peke yake, amejitoa ndani yake, akakuacha wewe tu ukilia mbele ya ukoo. Katika masimulizi yake hayupo anayesema treni itatupoteza, hayupo aliyeoga. Nakuambia kwa nini anaisimulia kwa bidii hivyo: anajua mwisho wake haukai vizuri, na mtu wa kwanza kusimulia ndiye anayechagua pa kuanzia na pa kuishia. Mwombe aache. Usimwombe akutetee wala aombe radhi kundini, hilo hatalifanya na litakuumiza kulisubiri. Aache tu.

Baada ya hapo ndipo uende kwa mume wako, hata kama wifi amekuomba radhi. Kunyamaza hakulindi undugu wowote hapa. Mume wako amecheka kwa sababu amesikia nusu. Akija kuisikia nusu nyingine mwaka kesho katikati ya ugomvi mwingine, atauliza kwa nini ulimficha, na atakuwa na haki. Mwambie kwa utulivu, usiku, mkiwa wawili, bila neno "dada yako" kwenye kila sentensi. Mwambie ulivyosimama saa mbili nzima, na ulivyojisikia ulipomwona naye akicheka. Humtaki amfokee dada yake. Unataka asicheke. Hilo mwanamume yeyote mwenye akili analiweza.

Na wewe nawe, ngoja nikubane kidogo. Ulikwenda nchi ya mbali ukiwa umekabidhi njia yote kwa mtu mmoja, na ukiacha ile kadi, hukuwa na kitu chako mwenyewe. Safari ijayo, uende na yeyote yule, uwe msafiri, usiwe mzigo unaosindikizwa. Weka kwenye simu yako ramani ya Amap, ambayo Wachina wanaiita Gaode. Mwenye iPhone anaweza kutumia ramani ya simu yenyewe, kwa sababu ikiwa China huchukua data za Gaode. Piga picha jina na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina, na uwe nayo pia kwenye karatasi, kwa kuwa picha haionekani kwenye simu iliyozima. Pawabanki iwe ya kwako, usitegemee ya mwenzio. Pasi ya kusafiria tembea nayo, sheria ya kule inamtaka mgeni awe nayo. Mkiwa na WeChat, ambayo ni kama WhatsApp ya Wachina, mnaweza kushirikishana mahali mlipo moja kwa moja, mkaonana kwenye ramani mkiwa mmeachana masoko mawili tofauti.

Majina ya barabara nayo yatakusaidia. Huanshi, ile mliyopaswa kuifuata, ni ndefu na imegawanywa: penye neno Dong ni upande wa mashariki, Xi ni magharibi, Zhong ni katikati. Ukitoka stesheni kwenda Xiaobei unaelekea Dong. Kama vibao vinazidi kukuambia Xi, geuka. Na mkikubaliana kukutana kwenye kituo cha treni, msitaje jina la kituo peke yake. Vituo vina milango mingi, kila mmoja una herufi yake, na mtu wa mlango A anaweza kumsubiri wa mlango D wakapishana na barabara nzima katikati yao. Usije ukasema "stesheni ya Guangzhou" ukadhani umesema kitu kamili pia, iko ya zamani hiyo mliyoipita, iko ya Dong, iko ya Nan mbali kabisa kusini, na dereva atakupeleka atakayoisikia.

Swali lako la Oktoba. Biashara usiivunje wakati mzigo uko baharini, utajipa hasara kwa hasira. Subiri ufike, utolewe bandarini, mgawane kwa karatasi, kila mtu ajue chake. Kisha utaamua kutokana na jibu atakalokupa siku mtakayokaa. Akikujibu kama mtu aliyeogopa, nenda naye, ila vyumba viwili na pochi mbili, na makubaliano ya muda kila mnapoachana, hata kama anakwenda chooni. Akikujibu ile ya "mtu mzima", tafuta wenzako wa Kariakoo wanaokwenda, hawakosekani, na wifi abaki kuwa wifi wa sikukuu na misiba. Hakuna sheria inayosema undugu lazima upande ndege.

Na usikubali haraka yake ya kukata tiketi. Kama anachokipanga ni yale maonyesho ya biashara ya Canton pale Pazhou, Guangzhou, yanaanza tarehe 15 Oktoba lakini yana awamu tatu, na nguo pamoja na bidhaa za watoto, ambazo ndizo biashara yako, ziko awamu ya tatu, kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Ukienda mwanzoni utazunguka kwenye mashine na vifaa vya umeme. Una muda wa kutosha wa kuongea naye kwanza, na wa kujifunza kupanda treni ya chini, hata kwa kuangalia video.

Shangazi