Dawa ya mikorosho haina kazi kwenye mnanaa wa ghorofani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nakaa ghorofa ya pili hapa Shangani, Mtwara. Kwenye kibaraza nimeotesha mnanaa, mrehani, kotimiri na mchaichai. Mingine ya kupikia, mingine ya chai ya mama. Tangu kusi ianze kuvuma, majani ya mnanaa na mrehani yamejaa vidoa vidogo vyeupe, na chini yake kuna utando mwembamba. Baba mdogo ana mikorosho Tandahimba. Amenipa salfa iliyobaki, na dawa ya maji ya mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi) aliyonimiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Niweke vijiko vingapi kwa lita moja, na nisubiri siku ngapi kabla mama hajanywa? Nimeambiwa nikiyaosha majani kwa maji ya chumvi hakuna tatizo. Nimepanda kwenye ndoo na madumu, na madumu mawili nayo yametoka shamba hilohilo.

JIBU: Marahaba, binti. Vijiko sikupi. Kila mwaka, msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, swali hili naletewa, limebadilika jani tu: jana mchicha, leo mnanaa.

Nianze na ugonjwa wenyewe maana ni mwepesi. Vidoa vyeupe pamoja na utando chini ya jani ni utitiri. Ni vijidudu vidogo mno vinavyofyonza maji ya jani, na hupenda ukavu, vumbi na joto. Kibaraza cha ghorofani wakati wa kusi huwa na vyote hivyo: upepo unakausha udongo wa kopo kabla ya saa sita, na ukuta wa simenti unarudisha joto la jua kwenye majani.

Sasa hiyo salfa. Kweli inaua utitiri, sitakuficha. Ila salfa ya mikorosho iliyo nyingi ni vumbi la kupuliziwa kwa mashine juu ya mti unaotoa maua, kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho. Ukiikoroga kwenye maji inaelea, kwa hiyo hesabu ya vijiko kwa lita haina maana yoyote. Na joto likipita kama nyuzi 32, salfa inaunguza majani laini. Mnanaa wako ungekauka, nawe ungedhani utitiri umezidi, ungeongeza dozi.

Chupa ya maji ya kunywa ndiyo inayonikera. Haina lebo. Mimi sijui kilichomo, wewe hujui, na baba mdogo anakumbuka rangi ya kifuniko. Watu wanadhani kiuatilifu, yaani dawa ya kuulia wadudu na magonjwa ya mimea, hupimwa kwa mdudu: kikimuua huyu wa mkorosho kitamuua na wa mnanaa, basi kazi imekwisha. Hapana. Kiuatilifu husajiliwa kwa zao na kwa kipimo, na lebo hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna zao hilo. Siku za korosho ni za korosho. Mkorosho unapuliziwa ukiwa kwenye maua, korosho inakuja kukomaa baadaye, na punje tunayokula imefungwa ndani ya ganda gumu. Kwenye mnanaa unakula lilelile jani ulilolipulizia, pengine asubuhi iliyofuata. Jani ni bapa na jepesi, linabeba dawa nyingi ukilinganisha na uzito wake. Na ukilikausha kwa ajili ya chai ya mama, maji yanatoka, sumu inabaki: kilo tano za majani mabichi zinarudi kuwa kama kilo moja. Kisha unaimwagia maji ya moto na kuifunika iive vizuri.

Kuhusu maji ya chumvi, nimechoka kusema. Kuosha kunaondoa vumbi na sehemu ya dawa iliyo juu ya jani. Zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea na kutembea na maji yake. Hizo huwezi kuziosha kwa chumvi, ndimu wala siki. Kuchemsha nako si kinga. Anayekuambia vinginevyo mara nyingi ndiye huyohuyo anayepima unga usio na jina kwenye vifuko sokoni na kuuita dawa ya wadudu wote. Hakuna dawa ya wadudu wote inayostahili kukaa karibu na sufuria yako.

Utitiri utaumaliza kwa maji. Kata matawi yaliyozidiwa, yafunge kwenye mfuko, yatupe. Asubuhi mapema pulizia maji kwa nguvu chini ya majani, maana ndiko wanakokaa. Rudia kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili, kwa kuwa mayai yanaendelea kuanguliwa. Wakikaidi, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya mche kwenye lita ya maji, pulizia jioni, suuza asubuhi. Sabuni ya unga usiiguse. Mnanaa usogeze kwenye kivuli. Mchaichai utavumilia jua. Kama unamwagilia maji ya kisima yenye chumvi, ncha za majani zitaungua hata bila mdudu, basi tumia ya bomba au kinga ya mvua.

Madumu mawili ya shambani ndiyo yaliyonifanya nijibu haraka. Kama yalibeba kiuatilifu, ng'oa kilichomo na usikile, hata kama kimestawi vizuri. Plastiki inanyonya dawa na kuitoa kidogo kidogo kwenye udongo. Kusuuza mara tatu na kutoboa, kama lebo zinavyoagiza, ni maandalizi ya kulitupa dumu. Hakulifanyi kuwa chungu cha maua, wala ndoo ya maji, wala kidumu cha pombe ya mabibo kama ninavyoyaona huko vijijini. Msiyachome nyuma ya nyumba pia, moshi wake unaingia ndani. Muulizeni afisa kilimo wa kata au chama chenu cha msingi yanakusanywa wapi.

Mama aendelee na vidonge vyake kama ana presha. Chai ya mchaichai ni chai, si dawa ya presha.

Ile chupa irudishe leo kwa baba mdogo, imefungwa na imeandikwa SUMU kwa herufi kubwa, isikae hata usiku mmoja jikoni. Na nyumba yoyote inayosoma hapa: mtu akinywa kitu cha namna hiyo, msimtapishe na msipoteze muda kumtafutia maziwa. Mpelekeni hospitali na chupa yenyewe mkononi, na mpigieni simu aliyeimimina aseme ilitoka kwenye dumu gani.