Maswali ya Imani: Kama Mungu ni upendo, jehanamu ya nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na msharika wa Kilutheri. Kwaya inaimba kwamba Mungu ni upendo, na katika ibada hiyohiyo mhubiri anasema Mungu huyo atawachoma watu milele. Mtu atende dhambi miaka sabini, aungue miaka isiyo na idadi, hiyo ni haki gani? Mimi nikimwadhibu mwanafunzi hivyo nafukuzwa kazi. Naomba nijibiwe bila kuzungushwa.
*Mwalimu, Iringa*

JIBU: Amina, Mwalimu. Umeuliza maswali mawili kwa pamoja: kwa nini kuwe na adhabu, na kwa nini isiwe na mwisho. La kwanza linajibika. La pili Wakristo wanalijadili tangu karne za mwanzo, na anayekuambia halijawahi kuwa na ubishi hajasoma vya kutosha.

Tuanze na mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji matanga hayajaisha. Wamemtoa na wanawe, wamelima, wamevuna, wamezeeka na kufa wameshiba, hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Mungu akimwambia huyo mama “yaishe”, upendo wake kwa mama uko wapi? Soma Kutoka 22:22-24: Mungu anakataza kumtesa mjane na yatima, na palepale anasema hasira yake itawaka. Ukifuatilia hasira ya Mungu katika Biblia, mara nyingi sana utamkuta nyuma yake mtu aliyeonewa. Mungu asiyekasirika kamwe angekuwa rafiki wa mashemeji tu.

Sasa msamaha. Katika Luka 15 wengi husimama kwa mwana mpotevu na kusahau kaka yake. Mwisho wa habari ile, aliye nje ya karamu ni mtoto mwema. Mlango haujafungwa, tena baba ametoka nje kumsihi. Anayekataa kuingia ni yeye, kwa kuwa hawezi kuvumilia kukaa meza moja na mdogo wake aliyesamehewa. Luka hasemi kama aliingia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1992) inafuata njia hiyo: namba 1033 inaieleza jehanamu kuwa hali ya mtu kujitenga mwenyewe moja kwa moja na Mungu, na namba 1037 inasema Mungu hampangii mtu yeyote kwenda huko. Ezekieli 33:11 ilishasema Mungu hafurahii kufa kwake mtu mwovu.

Halafu angalia ni nani walioambiwa habari za jehanamu. Katika Agano Jipya la Kigiriki, neno ambalo Biblia zetu hulitaja kama jehanamu limo mara 12. Mara 11 limo kinywani mwa Yesu, na moja katika Yakobo 3:6. Hao wanaoonywa ni wanafunzi wake mwenyewe, au waandishi na Mafarisayo, yaani watu wa dini. Sasa fungua Matendo ya Mitume, usome mahubiri ya Petro siku ya Pentekoste na ya Paulo kule Athene kwa watu wasiomjua Mungu wa Israeli. Wanatangaza ufufuo, toba na siku ya hukumu, lakini neno hilo hawalitumii hata mara moja, na Paulo halitumii katika barua zake zote. Wahubiri wengi wa mikutano ya nje wamegeuza mpango huo: moto kwa walio nje, upole kwa wazee wa kanisa.

Jina lenyewe lilitoka kwenye Bonde la Hinomu, kando ya Yerusalemu upande wa kusini. Pengine umefundishwa kwamba lilikuwa jalala la jiji lililowaka usiku na mchana. Maelezo hayo yanaonekana kwa mara ya kwanza kwa Rabi David Kimhi, Myahudi mfafanuzi wa Maandiko, yapata mwaka 1200, na wachimbaji wa mambo ya kale hawajayathibitisha. Biblia yenyewe inataja jambo baya zaidi. Wafalme Ahazi na Manase waliwapitisha wana wao motoni pale (2 Nyakati 28:3, 33:6), hadi Yosia alipopatia unajisi mahali hapo (2 Wafalme 23:10). Kuhusu kuchomwa kwa watoto hao, Mungu anasema katika Yeremia 7:31 kwamba hakuliagiza jambo hilo, “wala halikuingia moyoni mwangu.” Mahubiri yoyote yanayomwonyesha Mungu akifurahia kuchoma watu yapimwe kwa mstari huo.

Kuhusu kipimo cha adhabu, ualimu wako unakusaidia. Luka 12:47-48 inasema mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa sana, na asiyejua atapigwa mapigo machache. Hukumu ina viwango. Picha ya wote kutupwa katika tanuru moja la joto lilelile haikutoka kwa Yesu. Wala Shetani mwenye uma, anayesimamia wafungwa, hayumo kwenye Maandiko: Ufunuo 20:10 unamtaja akitupwa humo, na Mathayo 25:41 inasema moto uliwekwa tayari kwa ajili yake na malaika zake.

Tukija kwenye “milele”, kuna misimamo mitatu.

Wa kwanza ndio mafundisho ya makanisa mengi, Katoliki na ya Kiprotestanti: adhabu haina mwisho, na mtu anaihisi. Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini katika karne za mwanzo, aliutetea kwa hoja ngumu kuivunja. Mathayo 25:46 inataja “adhabu ya milele” na “uzima wa milele” katika sentensi moja; ukiifupisha adhabu, kwa nini usiufupishe na uzima?

Wa pili unasema waovu wataangamia na kutokuwepo tena. Waadventista wa Sabato wanaufundisha, na mwaka 1988 John Stott, mwanateolojia wa Kianglikana, aliandika kwamba anauelekea. Wao hujibu hoja ya Agostino kwa kuonyesha kwamba “hukumu ya milele” (Waebrania 6:2) haina maana ya hakimu kusoma hukumu bila kumaliza. Kinachodumu ni matokeo. Yuda 7 inasema Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, na Sodoma haiwaki leo. Mathayo 10:28 inataja “kuangamiza mwili na roho pia”. Isaya 66:24, ambako funza na moto wa Marko 9:48 vilichukuliwa, inazungumzia mizoga. Wanapokwama ni Ufunuo 14:11, moshi wa maumivu yao unaopanda hata milele na milele, wala hawana raha mchana wala usiku.

Wa tatu unatumaini kwamba mwishowe wote watarudi kwa Mungu. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya nne, aliutegemeza kwenye 1 Wakorintho 15:28, kwamba Mungu awe yote katika wote, na bado anaheshimiwa kama mtakatifu, ingawa Origen, mwalimu wa Kanisa aliyemtangulia katika njia hiyo, alilaaniwa na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli mwaka 553. Ugumu wake ni Mathayo 12:32, dhambi isiyosamehewa hata katika ulimwengu ujao, na lile shimo kubwa la Luka 16:26.

Mizani yetu: msimamo wa tatu unaruhusiwa kuwa sala, hauna uzito wa kuwa fundisho. Wa pili una mistari mingi kuliko wahubiri wetu wanavyokiri. Wa kwanza bado una mistari miwili, Mathayo 25:46 na Ufunuo 14:11, ambayo hakuna aliyeiondoa njiani bila kutoa jasho. Ila hata katika msimamo huo, ile hesabu yako ya miaka sabini si lazima. Wengi wanaoushika husema mlango unabaki umefungwa kwa sababu aliye ndani hageuki, anaendelea kukataa. Mtazame tajiri wa Luka 16: yumo katika mateso, na bado anataka Lazaro atumwe kama mtumishi wake, kwanza alete maji, kisha apeleke ujumbe. Samahani kwa Lazaro hasemi.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu ana miaka minane. Katika mkutano wa injili uwanjani walionyesha filamu ya watu wakiungua. Tangu hapo halali bila taa, na kila usiku ananiomba tusali tena sala ya toba. Nimwambie moto haupo?
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

JIBU: Milele amina, mama. Usimwambie haupo. Akisikia mwingine akisema upo, atakuona umemdanganya na hofu itarudi maradufu.

Mkalishe mchana, si usiku wakati wa kulala, umwulize aliona nini hasa. Mwache amalize. Mara nyingi kinachomsumbua mtoto ni kitu kimoja tu, labda sauti ya mtu akipiga kelele, au mtoto wa umri wake aliyekuwamo kwenye filamu. Kisha mweleze kwamba ile ni picha iliyotengenezwa, waliocheza walirudi kwao wakala chakula cha jioni, na aliyeitengeneza hajawahi kufika anakokuonyesha.

Umri wake pia una la kusema. Sheria ya Kanisa humhesabu mtoto kuwa ameanza kutumia akili anapotimiza miaka saba, naye ameuvuka mpaka huo juzi tu. Na ili dhambi iwe ya mauti, Katekisimu (namba 1857) inataka mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua kabisa, na aridhie kwa hiari kamili. Mtoto aliyeficha kalamu ya mwenzake hafiki huko. Mwambie hivyo kwa maneno yake.

Sala ya toba ya kila usiku ikomeshe kwa upole. Inaonekana ya kiroho, lakini inamfundisha kwamba msamaha wa jana umeshaisha muda wake. Badala yake msali Zaburi 4:8, “Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara”, mara moja, kisha taa ipunguzwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ndani ya nyumba asiwepo mtu mzima wa kumtishia moto kwa sababu ya vyombo visivyooshwa. Hapo ndipo kazi yote huharibika, na mara nyingi ni bibi au dada wa kazi, wala hawana nia mbaya. Mwambie katekista wake pia. Ikipita wiki tatu au nne bado hali wala halali vizuri, au ameanza kukojoa kitandani, mpeleke kituo cha afya aonwe. Hilo halipingani na imani.

SWALI: Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Babu wa babu yangu alikuwa ameshazikwa. Yuko wapi?
*Msomaji, Tukuyu*

JIBU: Hakuna mwenye mamlaka ya kukuambia yuko motoni. Warumi 2:14-16 inasema watu wa Mataifa wasio na sheria huhukumiwa kwa ile iliyoandikwa mioyoni mwao, dhamiri ikiwashitaki au kuwatetea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu Kanisa ya Novemba 1964 (namba 16), ulitamka kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda wanachokijua kwa dhamiri, wanaweza kupata wokovu. Wapo Waprotestanti wanaokaza zaidi, wakishika Warumi 10:14: watamwaminije wasiyemsikia? Lakini Paulo pale anahimiza wahubiri watumwe. Hasomi majina ya waliopotea. Ibrahimu naye hakuwahi kumsikia mmisionari.

SWALI: Mdogo wangu alijitoa uhai mwezi wa tatu. Kiongozi wetu wa dini alikataa kuongoza mazishi, akasema marehemu ameshakwenda jehanamu. Mama hali chakula.
*Dada, Kisumu*

JIBU: Pole sana, dada. Mpe mama pole zetu pia.

Kanisa Katoliki halijawahi kutangaza rasmi kwamba mtu fulani, kwa jina, yuko jehanamu kwa kujiua, na kiongozi mmoja hana uwezo huo. Kwa Wakatoliki, sheria ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Sheria ya 1983 iliwaondoa kwenye orodha hiyo. Katekisimu (namba 2282 na 2283) inasema ugonjwa mzito wa akili, mateso au hofu kuu hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojiua, maana Mungu ana njia anazozijua mwenyewe za kuwapa nafasi ya toba. Makanisa mengi ya Kiprotestanti leo huwazika pia na kuwaombea wafiwa.

Kwa hiyo fanyeni haya. Tafuteni mchungaji au padre mwingine aongoze ibada ya kumbukumbu kaburini. Kuchelewa si kikwazo. Mkiwa Wakatoliki, ombeni Misa kwa nia yake na jina lake lisomwe. Mama asiachwe peke yake mchana kutwa, hasa wiki hizi, na anayekaa naye asimbishie wala kumhubiria. Ale kidogo kidogo, hata uji. Akianza kusema anataka kumfuata mwanawe, yachukueni maneno hayo kama yalivyo, msimwache peke yake, na mmpeleke hospitali siku hiyohiyo. Nanyi ndugu wengine mjiangalie, kwa sababu msiba wa namna hii huacha wengi ndani ya nyumba wakijilaumu kimya kimya.