Jibu: Kujua bei ikibadilika kwenye ukurasa bila setInterval

Ndugu, umeuliza utajuaje bei ikibadilika kwenye ukurasa, maana setInterval yako (amri ya JavaScript inayorudia kazi kila baada ya muda) inakagua kila mara na simu inachemka. Achana nayo, tumia MutationObserver, kifaa cha kivinjari kinachofuatilia mabadiliko ya ukurasa. Kivinjari chenyewe kitaita fanksheni yako kila sehemu yenye id ya bei (#bei) ikibadilika:

const m = new MutationObserver(orodha => console.log(orodha));
m.observe(document.querySelector('#bei'), {childList: true, characterData: true, subtree: true});

Hiyo characterData wengi huisahau: maandishi yakihaririwa ndani ya nodi (kipande cha ukurasa) ileile, childList peke yake haioni kitu, kwani huangalia nodi zinazoongezwa au kuondolewa tu. Tena usibadilishe #bei ndani ya fanksheni hiyohiyo, itajiita bila kikomo. Ikibidi, tanguliza m.disconnect() ili kuacha kufuatilia, kisha observe upya. DOMSubtreeModified ya mafunzo ya zamani (tukio lililotumika kwa kazi hiihii) usiiguse kabisa, Chrome iliiondoa mwaka 2024.

Kama #bei ni kisanduku cha kujazia, sikiliza tukio la input.