Chakula cha Ziada: Aulizwe Anayekula

Nimetengeneza programu ya simu ya kuunganisha hoteli zenye chakula kilichobaki na vituo vya watoto. Nianzie wapi? (Mwanza)

Anzia kwenye gari. Swali hili naletewa kila mara, na hakuna anayetaja nani atabeba masufuria ya wali saa nne usiku, wala kwa mafuta ya nani.

Unasifia benki za chakula za Marekani zinazogombea misaada kwa mnada. Mnada si wa wenye pesa? (Nakuru)

Pesa haimo. Benki ya chakula ni ghala la hisani linalokusanya chakula cha msaada na kukigawa kwa maskini. Kabla ya 2005, Feeding America, mtandao wa benki hizo, uliipa shehena benki iliyokaa foleni muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Idaho, jimbo linalosifika kwa viazi, liliweza kupewa viazi. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago wakasaidia kubuni hisa, sarafu inayotumika humo tu. Benki yenye maskini wengi hupata hisa nyingi, na ndogo huruhusiwa kukopa. Kila moja hutaja dau lake kwa siri kwenye kompyuta. Hisa zilizotumika hugawiwa upya. Siagi ya karanga hupanda bei, mboga mbichi huwa karibu na bure, na mzigo usiotakiwa hushuka chini ya sifuri: anayekubali kuuchukua huongezewa hisa. Msimamizi wa benki anajua ghala lake limejaa nini, na hapo anasikilizwa. Kwetu mfadhili hupeleka maharage kwenye maharage, watu wakapiga makofi mbele ya kamera. Inaniuma sana.

Ufaransa imekataza supamaketi kutupa chakula. Tuige? (Dar es Salaam)

Sheria yao ya 2016 inahusu maduka yanayozidi mita za mraba 400, na anayetoa msaada hupunguziwa kodi. Hilo la kodi liigwe hata kesho. Ila nyanya zetu huozea shambani na njiani, hata supamaketi hazijaiona. Anayetaka sheria adai kwanza barabara na vyumba vya baridi.

Mahindi ya kikundi chetu yameota ukungu kidogo. Tuyatoe shuleni? (Dodoma)

Hapana! Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, iliua watu 125. Wala msimpe ng'ombe wa maziwa. Sumu hupita hadi kwenye maziwa, na wanaoyanywa ni watoto walewale.