Fildi hifadhini: pasipo na kitu, andika sifuri

Wadogo zangu wa chuo mnaojiandaa kwenda fildi, yaani kazi ya utafiti porini, kule Mikumi, swali lenu la kwanza huwa ni simba. Mimi simba nilimwona mara tatu ndani ya miezi miwili, mara zote nikiwa kwenye gari, na hakunipotezea hata saa moja ya kazi. Kilichonipotezea siku sita nzima ni nafasi nilizoziacha wazi kwenye fomu.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vinyesi. Ndiyo, vinyesi, chekeni mmalize. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, imepasuliwa katikati na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Kwa kilomita 50 hivi malori yanapita ndani ya hifadhi usiku na mchana. Nilitaka kujua kama swala pala, pundamilia na nyati wanalisha karibu na lami kama wanavyolisha mbali nayo. Sasa mnyama ukimkaribia anakimbia, na mwingine anakuja usiku wewe umelala. Kinyesi kinakusubiri. Unapigilia kigingi, unafunga kamba, unazunguka nayo kupata duara, ambalo ndilo ploti yako, kisha unainama na kuhesabu marundo yote yaliyomo, ukitenganisha aina ya mnyama, kibichi na kikavu.

Siku za mwanzo, penye kinyesi niliandika namba. Pasipo na kitu niliacha nafasi wazi, maana mwenyewe nilijua kwamba hapana kitu. Wiki ilipoisha nikakaa kuingiza data kwenye kompyuta, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui tena. Ile nafasi ya pundamilia kwenye ploti ya 14: kinyesi hakikuwepo, au ndiyo ile siku tembo walitokea tukarudi garini kabla sijamaliza duara? Nilijaribu kukumbuka, na kila nilipojaribu nilikumbuka kile kilichonifaa. Msimamizi wangu alipopigiwa simu hakugomba. Alisema tu kwamba kila ploti yenye nafasi wazi irudiwe. Mafuta ya gari kwa siku hizo sita yalitoka kwenye bumu langu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo.

Kwa hiyo pasipo na kitu andika 0. Mahali ambapo hukuangalia, au hukumaliza, weka kistari na ueleze sababu kwa maneno mawili. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwa utafiti kama wangu tofauti hiyo ndiyo utafiti wenyewe: sifuri nyingi karibu na lami zina habari ya kusema, lakini nafasi wazi karibu na lami zinasema tu kwamba mwanafunzi alichoka. Ukizitupa ploti "tupu" kwa sababu hazina namba, hesabu zako zitaonyesha wanyama kila mahali ulipokanyaga.

Tumia penseli. Wino unaenda na umande wa asubuhi, unamaliziwa na jasho la mchana. Jioni ukifika kambini, kabla ya kuoga na kabla ya kula, pitia fomu za siku hiyo na upige picha kila ukurasa. Najua utakuwa hoi. Mimi nilishindwa mara mbili, na mara zote mbili asubuhi yake nilikuta "3" inayosomeka kama "8".

Mwenzangu mmoja pale kambini alikuwa anahesabu wanyama hai kwa kutembea kwenye mstari na kukadiria umbali kwa macho. Askari wetu wa hifadhi, mzee aliyetembea msitu ule kabla sisi hatujazaliwa, aliiangalia fomu yake siku moja akauliza: "Mwanangu, hawa swala nani kawafundisha kusimama kwenye makumi?" Kweli, karatasi nzima ilikuwa mita 10, 20, 50, 100. Macho yanapenda namba za mviringo. Kama chuo kina kifaa cha kupimia umbali, kiombe mapema; kama hakipo, fanya mazoezi ya wiki nzima kwa futi kamba kabla hujaanza kurekodi chochote.

Huyo mzee ndiye aliyekuwa na bunduki, na bila yeye hushuki garini. Wanafunzi wengi humchukulia askari kama mlinzi wa getini, na hapo wanakosa mwalimu. Mfukoni alikuwa na kitambaa chenye majivu. Kabla ya kuingia kwenye kichaka chochote alikitikisa na kutazama majivu yanaelekea wapi. Siku moja akasema, "Ile ploti leo hatuendi." Upepo ulikuwa unatoka kwetu kuelekea kichaka kizito, na hakupenda ukimya wa mahali pale. Nilinuna, maana ilikuwa ploti moja tu imebaki kumaliza mstari wangu wa ploti. Mpaka leo sijui kama mle ndani mlikuwa na nyati. Niliweka kistari, nikaandika "haikufikiwa, upepo", tukarudi kesho yake.

Mavazi: msivae bluu wala nyeusi. Mimi niliwasili na trakisuti ya bluu niliyoipenda sana, na mbung'o nao wakaipenda. Rangi hizo zinawavuta kiasi kwamba mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi, kwa hiyo nilikuwa mtego unaotembea. Vaa kaki au rangi ya majani makavu, mikono mirefu. Mbung'o wanaweza kuambukiza ugonjwa wa malale. Ukirudi nyumbani ukapata homa na kichwa kikali, mwambie daktari kwamba ulikuwa porini, asiishie kupima malaria peke yake. Viatu viwe vya kupanda juu ya kifundo, kwa sababu nyoka aitwaye kifutu hakimbii. Analala njiani akisubiri umkanyage.

Chakula hakina hadithi ndefu. Changeni pesa, pikeni pamoja, na msiache unga ndani ya hema. Nyani wanajua kufungua zipu.

Kuhusu vibali, utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Anza kufuatilia muhula mmoja kabla, barua ya chuo ikiwa mkononi. Na chagua majira vizuri. Wakati wa masika udongo mweusi wa uwanda wa Mkata unameza gari mpaka ekseli, na hata ukifika, mvua na wadudu wanaobingirisha mavi watakuwa wameshakifanyia kazi kinyesi chako. Kiangazi kinyesi kinakaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana usichanganye ploti za masika na za kiangazi kwenye jedwali moja kana kwamba ni ndugu.

Ploti yangu ya mwisho ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye lami. Dereva wa lori alipunguza mwendo, akatuona, mzee amesimama na bunduki yake na mimi nimepiga magoti napekua nyasi, akatupigia honi ndefu. Mzee akampungia mkono. Nikaandika: swala pala 0, pundamilia 0, nyati 0. Pembeni, nje ya safu, nikaongeza: chupa za plastiki 3.