Kupiga picha maporomoko yaliyoganda kati ya Banff na Jasper: futa tisa kwenye orodha yako

Mkuu, umeuliza kama siku sita za Februari zinatosha kupiga picha maporomoko kumi na mawili ya maji yaliyoganda kati ya miji ya Banff na Jasper kule Kanada, na ubebe lenzi gani. Njia hiyo nimeiendesha mara mbili majira ya baridi. Mara ya kwanza nilikuwa na orodha ndefu kama yako, nikarudi na picha mia kadhaa nisizozipenda. Mara ya pili nilichagua sehemu tatu tu, na picha iliyo ukutani kwangu sasa imetoka kwenye safari hiyo. Kwa hiyo kabla ya lenzi: futa tisa.

Sababu iko kwenye namna barafu inavyojijenga. Wengi tunadhani poromoko kubwa ndilo lenye barafu kubwa, na hapo ndipo nilipopotea. Athabasca Falls ina kimo cha mita 23 na mto wenye nguvu. Maji yanayokimbia hivyo hayagandi kirahisi. Barafu huanzia pembeni, kwenye miamba inayorushiwa matone, halafu theluji inaangukia juu yake na kuficha kila kitu. Nilikuta lundo jeupe lisilo na umbo, maji nayasikia kwa chini wala siyaoni. Barafu nzuri ni kazi ya maji machache, yale yanayochuruzika kutoka kwenye nyufa za mwamba. Tone linaganda juu ya tone lililotangulia, usiku baada ya usiku, mpaka ukuta mzima unavaa pazia. Ukiwa Icefields Parkway, barabara ya kutoka Lake Louise hadi Jasper, utapita Weeping Wall, jabali linalovuja maji. Majira ya baridi maji hayo yanakuwa barafu nene kiasi kwamba wakwea barafu wanapanda juu yake kwa shoka.

Rangi nayo ina maana yake. Barafu nyeupe imejaa viputo vya hewa. Iliyoganda polepole ikashikamana vizuri hunyonya wekundu wa mwanga na kuachia buluu, na kadiri inavyozidi unene ndivyo buluu inavyokolea. Ukiona michirizi ya manjano au kahawia, hayo ni madini na udongo uliobebwa na maji. Usiifute kwenye kompyuta, tafadhali. Ndiyo historia ya maji yale.

Tatu zangu ni Johnston Canyon, Tangle Falls na Maligne Canyon. Tangle iko kando kabisa ya barabara, unaegesha ng'ambo na kuvuka, nusu saa inakutosha. Maligne ni korongo lenye kina cha zaidi ya mita 50, na majira ya baridi maji hupungua hadi watu wanatembea chini kabisa, juu ya barafu. Chukua mwongozaji, kwa sababu kuna chemchemi zinazotoka chini ya miamba na kuifanya barafu iwe nyembamba mahali usipotarajia. Pia moto wa Julai 2024 uliunguza sehemu ya mji wa Jasper na msitu wa karibu, hivyo angalia taarifa za Parks Canada, idara inayosimamia hifadhi za taifa, ujue njia zipi ziko wazi.

Ila siku mbili nzima zipe Johnston Canyon. Njia yake imebandikwa ubavuni mwa mwamba. Hadi poromoko la chini ni zaidi kidogo ya kilomita moja, la juu ni kama mbili na nusu. Nilianza saa 1 na nusu asubuhi, bado kiza, viatu vimefungwa ile minyororo yenye meno ya chuma. Bila minyororo hiyo usiende, maana njia inakuwa kioo. Pale juu niliacha kupiga ukuta mzima. Niliweka lenzi ya milimita 70 hadi 200, ile inayovuta vya mbali, nikachagua kipande kisichozidi upana wa mlango. Nguzo za barafu zilikuwa zimeshikana kama mishumaa iliyoyeyuka, na ndani ya mojawapo jani la msonobari limenaswa, viputo vimejipanga juu yake kama shanga. Nyuma ya barafu maji yalikuwa bado yanashuka. Huyaoni yenyewe, unaona vivuli vyeusi vinateleza chini, vinagawanyika, vinakutana tena. Nilikaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili na sikujuta hata dakika moja.

Siku ya mawingu ndiyo siku yako. Jua likipiga nusu ya korongo, nusu nyingine inakufa. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaitia picha giza na theluji inatoka kijivu. Ongeza mwangaza stopu moja (yaani mara mbili ya mwanga), wakati mwingine moja na nusu, huku ukichunga sehemu zenye weupe zaidi zisiungue, yaani zisibaki nyeupe tupu. Piga RAW, faili ghafi ambalo rangi yake unairekebisha baadaye, kwa sababu kamera ikijichagulia rangi yenyewe mara nyingi inaiosha ile buluu uliyoifuata. Na kama unaye mwenzako mwenye koti jekundu, msimamishe chini ya barafu, mbali na nguzo zinazoning'inia. Bila mtu, hakuna atakayejua ukuta ule una kimo gani.

Kosa lililoniuma: nilipulizia lenzi pumzi ili niifute, kama ninavyofanya siku zote. Kwenye baridi ya nyuzi 22 chini ya sifuri pumzi iliganda papo hapo juu ya kioo, na nilipoifuta ikazidi kusambaa. Asubuhi yote ikaishia hapo. Tumia brashi au kipulizio cha mpira, na unapochungulia kwenye kamera pumua pembeni. Betri ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Inayoonyesha imekwisha, ipashe joto kidogo, mara nyingi inafufuka. Kabla ya kuingia kwenye gari lenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiache humo saa kadhaa, ili unyevu utue juu ya plastiki badala ya kutua ndani ya lenzi. Toa kadi ya picha kwanza, la sivyo utaivunja sheria hii kwa hamu ya kuona ulichopiga.

Kuhusu gari, kutoka Lake Louise hadi Jasper ni kilomita 230 hivi, majira ya baridi hakuna pa kujaza mafuta katikati, na simu hazishiki karibu njia nzima. Jaza tanki, beba blanketi, koleo na chakula. Matairi ya majira ya baridi yanatakiwa kisheria kwenye barabara ile kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, hivyo hakikisha unayaona kabla hujasaini kukodi gari. Barabara hufungwa pia wanapoangusha theluji ya milimani kwa makusudi, kwa hiyo acha siku moja tupu kwenye ratiba. Mimi bila siku hiyo ningeikosa Maligne.

Februari umechagua vizuri. Desemba jua linachomoza Jasper karibu saa 3 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni, wakati katikati ya Februari una kama saa kumi za mwanga, na barafu imeshanenepa. Cha kuogopa ni chinook, upepo wa joto unaopandisha nyuzi nyingi ndani ya saa chache. Ukiamka ukasikia matone yanadondoka kwenye paa, siku hiyo usisimame chini ya barafu yoyote. Piga kutoka ng'ambo ya korongo kwa lenzi ndefu, na sikiliza: nguzo inayotaka kuanguka hulia kwanza, mlio mkavu kama mti unaopasuka.