Muulize Dereva Mstaafu: Akiba ya viazi, Noah na mkeka wa Jumamosi

*Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 27, nanunua viazi Isyonje nauza Uyole. Nimefikisha akiba ya milioni 4 na laki mbili. Kuna jamaa anauza Noah milioni 9, anasema injini haijawahi kufunguliwa, nami nataka niiingize barabarani Uyole–Tukuyu. Yupo mtu wa kunikopesha milioni 4 na laki nane zilizopungua, riba asilimia 15 kwa mwezi. Rafiki yangu anasema nisikope, niweke laki tano kwenye mkeka wa kubeti mechi 10 za timu kubwa, odi ya 1.30 kila moja, nitapata karibu milioni 7. Nikisitasita wote wananiita mwoga. Nifanyeje? – Kijana wa Uyole*

Marahaba mwanangu, ugonile. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana barabara hiyo ya Uyole hadi Kyela nimeiendesha Coaster miaka 19.

Nianze na mkeka. Odi ya 1.30, kama kampuni isingekata chochote, ingemaanisha timu hiyo inashinda mara 77 kati ya 100. Lakini kampuni imeshakata chake ndani ya hiyo odi, kwa hiyo tuseme 75. Sasa wewe hutaki ishinde timu moja, unataka zishinde 10 siku moja. Zidisha 0.75 kwa yenyewe mara 10, utabaki na karibu 6 kati ya 100. Ukiweka mikeka 100 ya namna hiyo utakuwa umetoa milioni 50. Itakayotiki ni kama 6, nayo itakurudishia milioni 41 hivi. Zimeondoka milioni 9, bei ya Noah yenyewe, na bado unapanda kirikuu cha watu, kile kipikapu cha mizigo.

Anayekwambia timu kubwa hazichani mkeka, mwulize alikuwa wapi msimu wa 2013/14. Mbeya City yetu ilikuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Nilikuwa uwanjani Sokoine na shati langu la zambarau, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Nani angeandika hilo kwenye mkeka mwezi Agosti? Na mwaka 2023 timu hiyo hiyo ikashuka, nikalia kweli. Mpira naupenda kwa sababu haujui nani mkubwa. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki hela yako ya viazi ikae humo.

Mkopo ni hesabu fupi. Asilimia 15 ya milioni 4 na laki nane ni laki saba na elfu 20 kwa mwezi. Kwa siku ni shilingi 24,000, Jumapili imo, siku ya msiba imo, siku gari iko gereji imo, na hapo deni lenyewe hujaligusa. Watu wanauita kausha damu. Achana nao.

Sasa gari, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa nne barabarani nilikuwa natoka Tukuyu na abiria 26. Isyonje ukungu ulikuwa umelala, tukaupita salama, tukaanza kuteremka kuja Igawilo. Kona ya tatu nikakanyaga breki, mguu ukazama kama nimekanyaga tope. Nikapampu, hakuna kitu. Nikarudisha gia ya tatu, nikailazimisha ya pili, injini ikalia mpaka mama mmoja nyuma akaanza kusali kwa sauti. Nikaliegemeza gari kwenye ukuta wa udongo, likasugua ubavu mzima, likasimama kwenye shamba la mahindi. Hakuna aliyekufa. Mpaka leo namshukuru Mungu nikipita pale.

Tajiri wangu alikuwa ameahirisha kubadilisha oili ya breki mwaka mzima, nami nilijua nikanyamaza. Oili hiyo huvuta unyevu kadiri inavyokaa. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, yale maji ndani ya oili yanakuwa mvuke, na mvuke ukiubana unabonyea. Ndiyo maana pedali inazama. Badilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama fundi anasema bado nzuri. Na unaposhuka, acha gia ibebe gari: kwa Noah ya otomatiki shusha kwenye 2 au L. Wanaoweka nyutro ili kuokoa mafuta, nimezika wawili.

Kwa hiyo huyo jamaa akikusifia injini, wewe inama kwenye tairi. Utaona tarakimu nne pembeni: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata, yaani meno ya tairi, zikionekana nzuri lakini mpira una umri huo, hesabu tairi nne mpya juu ya bei. Kagua na kadi ya gari ina jina la nani. Mpeleke fundi wako, siyo wake. Halafu kuna leseni ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na bima: ile ndogo inamlipa uliyemgonga, gari yako ikiingia korongoni ni hasara yako.

Ushauri wangu: usinunue mwaka huu. Kwa miezi mitatu andika kwenye daftari kila unachomlipa mwenye kirikuu kutoa magunia Isyonje. Hujaniambia ni kiasi gani, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Milioni 1 iweke kando usiiguse. Nyingine ipeleke kwenye hisa za kikundi, kiwe ambacho vitabu vyake unaruhusiwa kuvisoma. Daftari likionyesha usafiri unakula faida yako, tafuta kirikuu cha mizigo kwanza, kinachobeba viazi vyako mwenyewe. Abiria baadaye.

Wanaokuita mwoga waulize nani kati yao atakulipia hizo 24,000 kesho asubuhi.

*Baba, nasafiri kila Ijumaa Mwanjelwa kwenda Mbalizi. Michomoko, zile gari ndogo za abiria, inapakia wanne nyuma na mtoto mapajani. Nikikataa konda ananitukana. – Mama wa watoto wawili*

Shuka, mwanangu. Mlima Iwambi una malori yanayoteremka yakiwa yamelemewa, na mtoto wa mapajani ndiye anayetangulia kwenye kioo. Daladala inayofuata itakuja, mlipie mtoto kiti chake. Konda mwache atukane.